Mteja wa Alhamisi

Kwenye karakana ya Mama Makochi kulikuwa na mteja mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, na bado ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote. Aliitwa Bibi wa Alhamisi. Jina lake lilikaa ubaoni kwa chaki nyeupe, kila wiki iendayo kwa Mungu: saa nane mchana, Bibi wa Alhamisi, kupimiwa nyumbani kwake. Saa hiyo ikifika, Mama Makochi alivua aproni, akajipangusa nyuzi kichwani, akatwaa mkoba na kutoka. Hata mteja mkorofi namna gani hakumzuia. Angemzuia vipi, na mwenzake anasubiri?

Bibi huyo alizaliwa kichwani mwa Mama Makochi mwenyewe. Na hakumzaa kwa kupenda uongo.

Miaka kumi na miwili Mama Makochi alikuwa fundi wa kuajiriwa. Alifumua makochi ya watu, akabadilisha sponji, akakaza springi, akavisha vitambaa, huku akiitwa "wewe" na mtu aliyemzidi funguo tu za mlango. Siku alipopata funguo zake, akakodi jengo lenye paa la bati na mlango mpana wa kupitisha kochi la watu watatu bila kulisimamisha wima, alijiambia kwamba sasa muda ni wake, atauketia apendavyo. Wapi. Alipoajiriwa alikuwa na bosi mmoja. Alipojiajiri, kila mwenye kiti kilichobonyea akawa bosi wake. Walimpigia simu akila, akioga, akiwa msibani. Mmoja alimfuata mpaka foleni ya kupiga kura, akamwonyesha kipande cha kitambaa na kumuuliza kama kitaendana na mapazia.

Naye alikuwa hajui kusema hapana. Kila neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa "sawa", "njoo", "nitajitahidi". Akajitahidi mpaka akasahau sura ya meza ya kwao.

Aliyemshtua ni kitindamimba wake, binti wa miaka kumi, ambaye nyumbani wanamwita Mwalimu kwa sababu tangu ajue kusema kazi yake ni kusahihisha watu. Mtoto huyo alikuwa akishindana kuogelea, kwenye bwawa la chuo kilicho jirani na shule yao. Mama aliahidi kufika saa tisa. Saa nane na nusu akaingia mteja, akasema ni dakika mbili tu, kuangalia kiti kimoja. Kiti kikazaa viti vitano. Mama alipofika bwawani, maji yalikuwa yametulia kama kioo na mfagiaji anakusanya makopo. Mwalimu alikaa peke yake kwenye benchi, nywele zimeshakauka, utepe wa mshindi wa pili umekunjwa mkononi. Hakulia. Heri angelia. Alimtazama mama yake kwa udadisi wa kweli, akamuuliza:

"Mama, makochi si yanakaa tu? Yangekimbilia wapi?"



Jumapili iliyofuata alikaa na mume wake mezani, daftari katikati. Mume ni muuguzi, mtu wa zamu, na zamu anaijua kama anavyoijua mishipa ya mkono. Alimwambia kwamba wodini hakuna anayemuuliza muuguzi kama amechoka. Zamu yake imebandikwa ukutani, na kilichobandikwa ukutani hakibishaniwi. Wewe, akamwambia, wiki yako iko wapi? Mama Makochi akagusa kichwa. Mume akacheka, akasema basi ndiyo maana kila mtu anaichota.

Kesho yake akapaka ubao rangi nyeusi, akauchora mistari, akaupigilia ukutani juu ya meza ya kukatia. Siku sita, kila siku na kazi yake. Jumatatu kufumua, kwa sababu kufumua kunatoa vumbi la miaka kumi, sarafu, pini na mabaki ya biskuti, na vumbi likitoka siku moja halirudi kukaa juu ya kitambaa kipya. Jumanne mbao na springi. Jumatano kukata. Alhamisi kushona. Ijumaa kuvisha. Jumamosi asubuhi kupeleka, na kupima majumbani mwa watu wanaoshinda kazini wiki nzima. Zamani walifanya yote kila siku, na kila siku wakafanya yote nusu nusu. Sasa kazi ya siku kumi ikaanza kuisha kwa sita, na hakuna mshono uliofumuliwa mara ya pili. Wateja wakaanza kuambiwa siku, na siku hiyo kochi likafika. Jambo hilo lilimtia kiburi kitamu, cha haki yake. Alikuwa akipita mbele ya ubao bila sababu, kuusoma tu.

Kasoro ilikuwa moja: Alhamisi kuanzia saa nane. Hapo aliandika "Mapumziko". Watu wakapakanyaga kama kizingiti. Mteja mmoja alimuuliza, kwa upole kabisa, kama mwenye karakana naye hupumzika, na humwomba nani ruhusa. Wiki ya pili akaandika "Shughuli binafsi". Wakamuuliza ni msiba? Si msiba? Basi chukua vipimo mara moja. Wiki ya tatu, kwa hasira, akaandika Bibi wa Alhamisi, kupimiwa nyumbani kwake. Hakupakanyaga mtu. Hapo ndipo alipojua kwamba watu wasioona haya kukatiza mapumziko ya fundi wanaona haya kumkatiza mteja mwenzao.

Uongo nao hauli peke yake, hutaka mboga. Wafanyakazi wake walikuwa wawili. Wa kwanza, mshonaji, mwanamke mwembamba kwa mwili na mkali kwa ulimi, ndiyo maana wakamwita Sindano. Wa pili, seremala aliyezeekea kazini, wakimwita Babu Randa. Sindano alitaka kujua bibi huyo ana makochi mangapi. Manane, akasema Mama Makochi bila kufikiri. Mbona hayamaliziki kupimwa? Ana paka, akasema, wanakwaruza, kila wiki yanabadilika. Na rangi je? Hajaamua. Babu Randa alimwonea huruma bibi asiyemjua, akamwekea pembeni mbao mbili ngumu nyekundu, akazifunika kwa turubai na kuwaambia wateja wengine kwamba ni mbovu, zisije zikachukuliwa.

Na Mama Makochi, saa hizo za Alhamisi, alikuwa kwenye maji. Mwalimu ndiye aliyechagua. Alisema mama yake ameshakosa kumwona akiogelea, basi aje aogelee naye. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, aliyekuwa akiogopa hata ndoo iliyojaa, alianza kwa kuloweka uso na kutoka akikohoa. Wiki ya sita akaelea. Wiki ya kumi akapiga maji hatua tano na kusimama. Akawa anakwenda na kurudi upande wa kina kifupi, mtoto akitembea ukingoni juu yake, mikono nyuma, akisahihisha.

Zikapita Alhamisi ishirini na mbili. Mwalimu akafaulu kwenda shule ya bweni, mbali, safari ya siku nzima. Angeondoka Jumamosi. Kwa hiyo Alhamisi ile ya mwisho waliipangia jambo moja: Mama angevuka bwawa upande wa kina kirefu, kutoka ukingo mpaka ukingo, bila kugusa chini, kwa kuwa huko chini hakugusiki. Mtoto alikuwa ameliandika hata kwenye orodha yake ya vitu vya shule, kati ya sabuni na godoro: Mama kuvuka.

Jumatano ya wiki hiyo Mama Makochi alishinda kwenye duka la vitambaa akibishana juu ya ubora wa kitani. Aliporudi, alikuta karakana inacheka. Sindano alikuwa amesimama mbele ya ubao, kitambaa kibichi mkononi, uso unang'aa kama aliyeokota pete. Alisema bosi akae kwanza, asije akaanguka.

Meneja wa hoteli alikuwa amekuja mwenyewe. Ile hoteli mpya, ya ghorofa sita. Viti arobaini vya ukumbi wa mikutano, kufumua na kuvisha upya vyote. Alitaka Mama Makochi aende kesho saa tisa alasiri, akutane na mwenye hoteli, wavione viti na kukubaliana. Na Sindano, akiona nafasi inakimbia, hakuzubaa. Alimwambia meneja kwamba kesho bosi yupo, kisha akaenda ubaoni na kumfuta Bibi wa Alhamisi kwa kitambaa kibichi, mpaka chaki yote ikatoka.

"Nimekutua mzigo, bosi," alisema. "Miezi mitano bibi anapimwa tu, hatoi oda, hatoi hata asante. Kama ni mapenzi na paka wake abaki nayo. Nimemwahirisha mpaka Mungu akipenda."

Mama Makochi alitazama lile pengo jeusi, lililolowa. Kichwa kilimgonga kwa mambo mawili kwa pamoja: viti arobaini, na orodha ya mtoto kati ya sabuni na godoro. Akafungua mdomo ili aseme lile neno lake la zamani, sawa. Lilikuwa limeshafika ulimini. Angemwambia Mwalimu kesho haiwezekani, na Mwalimu angemtazama tena vile, kwa udadisi.

Akaketi juu ya bunda la sponji.

"Hakuna bibi," alisema.

Sindano akamuuliza amefariki lini.

"Hajawahi kuwepo. Alhamisi ni yangu. Naenda kuogelea na mtoto."

Babu Randa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Na mbao zangu mbili?" aliuliza.

Mama Makochi alikaribia kucheka, lakini Sindano hakuwa na uso wa kucheka. Aliweka kile kitambaa kibichi mezani, polepole. Alisema kwamba mwezi uliopita aliomba Alhamisi moja, moja tu, aende mkutano wa wazazi kwenye shule ya mwanawe. Akaambiwa haiwezekani, lazima mtu abaki karakana kwa kuwa bosi yuko kwa Bibi wa Alhamisi. Akabaki. Mwanawe akakaa mkutanoni bila mzazi, akajisemea mwenyewe.

"Ungeniambia ni mtoto wako, ningekuelewa," alisema. "Mimi pia nina mtoto. Kumbe nilimwacha wangu kwa ajili ya paka wasiokuwepo."

Neno hilo lilimchoma Mama Makochi mahali ambapo hata yule bosi wake wa zamani hakuwahi kufika. Aliinama. Kulinda muda wake alikuwa amekujua. Kuulinda kwa kuchota wa mwenzake hakuwa amekuona, kwa sababu uongo ulikuwa umesimama katikati kama pazia. Aliomba radhi, si kwa maneno mengi. Alisema: nimekosa, dada, na nimekukosea wewe hasa. Sindano hakuondoka.

Ndipo Mama Makochi akainuka, akachukua chaki. Pale penye pengo hakuandika bibi wala mapumziko. Aliandika: Alhamisi saa nane, Mama Makochi hayupo. Kisha akamkabidhi Sindano chaki, akamwambia achague saa zake, nusu siku kila wiki, ziandikwe kwa jina lake, na mtu akiuliza asipewe maelezo. Sindano akatazama ubao kwa muda, akakadiria kama anayepima kitambaa cha ghali. Akachagua Jumanne mchana, siku ya mbao, ambayo cherehani haina kazi. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko za bosi. Babu Randa alipofikiwa na chaki alisema yeye nyumbani ana mke na redio, na vyote vinamtaka. Akaandika Jumatatu asubuhi, kwa kuwa vumbi la kufumua linamkaba kifua na miaka yote alikuwa akiona haya kusema.

Ilibaki simu ya hoteli. Mama Makochi alisimama mlangoni, mgongo sawa, akampigia meneja. Alimwambia kuna kosa limefanyika, si la mfanyakazi, ni lake: kesho alasiri hana nafasi. Anaweza Ijumaa saa moja asubuhi, kabla hoteli haijaamka.

Meneja alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilikuwa baridi. Alisema mwenye hoteli ana nafasi kesho. Aliuliza kama kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa, meneja. Nina ahadi na binti yangu."

Meneja akashusha sauti. "Mama, unajua ni karakana ngapi zinaitaka kazi hii?"

"Najua. Waulize hao wengine kama kuna siku waliyowahi kuitaja wakaitimiza. Kisha waulize wateja wangu kama kuna niliyoitaja nikaikosa. Ninatimiza siku za watu kwa sababu siku zangu zina mipaka. Ukinikuta navunja ahadi ya mwanangu kwa ajili yako, kesho kutwa nitavunja ya kwako kwa ajili ya mwingine."

Meneja alisema atazungumza na mwenye hoteli, akakata. Mama Makochi alishusha simu. Nyuma yake Babu Randa alikuwa akiguna kwa raha, kama mtu aliyekula akashiba. Sindano alikuwa ameshageukia cherehani, lakini alisema bila kuinua kichwa kwamba hotuba hiyo bosi angeitoa miaka mitano iliyopita, mgongo wake yeye mshonaji ungekuwa bado umenyooka.

Jibu lilikuja Alhamisi saa tano, kwa ujumbe mfupi. Mwenye hoteli hasubiri mtu. Amekutana na karakana nyingine na kuipa viti ishirini. Ishirini vilivyobaki ni vya Mama Makochi, Ijumaa saa moja asubuhi, asichelewe. Sindano aliusoma kwa sauti, akatukana kidogo, akasema nusu ya mkate imekwenda na maji ya bwawa. Mama Makochi alikwenda ubaoni, akahesabu kwa kidole. Viti ishirini viliingia katika wiki mbili bila kusukuma jina la mtu yeyote. Arobaini vingekula Alhamisi mbili, Jumanne mbili, na pengine Jumapili. Aliviandika ishirini vyake kwa mwandiko uliotulia. Iliuma, asidanganye mtu. Lakini aliijua kazi iliyomo mkononi mwake, na aliijua wiki yake, na kwa mara ya kwanza vyote viwili vilikuwa vimeandikwa kwa majina yake halisi.

Saa nane kamili alivua aproni. Mteja mmoja alikuwa anaingia na mto chini ya kwapa. Akasoma ubao, akauliza Mama Makochi hayupo vipi, mbona anamwona. Sindano akamjibu kwamba huyo anayemwona ni kivuli, mwenyewe ameshaondoka, na vipimo ni Jumamosi.

Bwawani Mwalimu alimsubiri ameshavaa, kofia ya mpira imembana masikio. Wanachuo watano walikuwa wamekaa ukingo wa mbali wakiota jua. Maji ya upande huu yalikuwa na rangi nzito, vigae vya chini vikionekana vidogo kama punje. Mama Makochi alishuka ngazi, akashikilia ukingo kwa mikono yote miwili. Mtoto alichuchumaa juu yake.

"Nikiondoka, Alhamisi utampa nani?" aliuliza, kama anayeuliza saa.

"Nitakuja mwenyewe. Ukirudi likizo utanikuta nimeshakupita."

Mwalimu alilipima jibu hilo, akatafuta kosa ndani yake, hakuliona. Akampa maelekezo: mikono kumi na minane, ahesabu moyoni, asiinue kichwa kutafuta ukingo, maana kichwa kikipanda miguu inazama.

Akaachia.

Mikono minane ya kwanza ilikwenda vizuri, pumzi ikatoka na kuingia mahali pake. Mkono wa tisa akakumbuka kwamba chini hakuna chini. Akainua kichwa. Miguu ikazama kama alivyoambiwa, maji yakamwingia puani, na dunia nzima ikawa kelele na dawa ya kusafishia maji. Aliona mtoto ukingoni akitembea naye sambamba, mikono imetoka nyuma, imenyooshwa mbele. Kumwambia njoo unishike kulihitaji neno moja tu. Hakulisema. Alirudisha uso majini, akapiga teke kwa nguvu za mtu aliyekaza springi miaka kumi na saba, akaanza kuhesabu upya kutoka alipopotea. Kumi. Kumi na moja. Haikuwa kuogelea kwa kupendeza. Maji yaliruka mpaka wanachuo wakavuta taulo zao. Kumi na minane ikapita, ukingo haupo. Ishirini. Mkono wa ishirini na tatu ukagonga kigae.

Akaning'inia pale, anakohoa, anacheka, kamasi na yote. Mwalimu alikuwa ameshakimbia kuzunguka bwawa, jambo ambalo yeye mwenyewe humkataza kila mtu.

"Nilisema kumi na minane," alimsahihisha, sauti imekatika katikati. Kisha akawageukia wale wanachuo, watu asiowajua kabisa, akawaonyesha kwa mkono mzima, kama anayefungua mlango wa nyumba yake. "Alianza hajui hata kuloweka uso. Mwanafunzi wangu huyo."

Mmoja wao akapiga makofi, wengine wakafuata. Mama Makochi aliinua kidevu nje ya maji, akajifuta uso, akawapokea kwa kichwa kama mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Wakamwonyesha ngazi. Akakataa. Akageuka, akasukuma ukingo kwa miguu, akarudi alikotoka kwa njia ileile aliyojia, mikono ishirini na mmoja.